Mkono Ulioachwa Hewani

"Fina, robo saa sasa uko humo ndani. Tumbo?"

"Natoka, Sidro. Nipe dakika moja."

Tumbo lilikuwa halimuumi hata kidogo. Delfina alikuwa amesimama mbele ya kioo cha bafuni, nyumbani kwa kina Sidro, mchumba wake, kule Barigada, ulimi nje, anaukodolea macho utadhani anatafuta mwiba wa samaki. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba mtu mwenye ugonjwa ule ulimi humchezacheza wenyewe. Wake ulicheza. Na wewe ukitoa wako nje robo saa utacheza, lakini nani wa kumwambia hivyo mtu aliyekwisha kujihukumu?

Alipomaliza ulimi akatembea kwa visigino kutoka sinki hadi mlangoni, mara tatu, kuona kama nyayo zinashuka. Hazikushuka. Akautazama mkono wa kulia, ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ilikuwa inaruka. Inaruka, inatulia, inaruka tena. Akauingiza mkono mfukoni na kufungua mlango.

Kisa kilianza miezi mitatu nyuma. Delfina alikuwa mpambaji wa keki katika duka moja la mikate Hagatña, mji mkuu wa Guam, na hakuna bibi harusi wa kisiwa kile aliyetaka maua ya krimu ya mtu mwingine. Asubuhi moja alikuwa anakamua mfuko wa krimu, vidole viwili vya mwisho vikakataa. Ua likatoka limepinda, mfuko ukaanguka. Akacheka. Wiki iliyofuata ukaanguka tena, na safari hii hakucheka. Kisha miguu nayo ikaanza, kwenye mashavu ya miguu, vijinyama vinarukaruka usiku na mchana.

Daktari wa zahanati alimgonga magoti kwa kinyundo, akambana vidole, akaandika karatasi. Apimwe mishipa ya fahamu kwa sindano na mashine, na mtaalamu wa kipimo hicho huruka kutoka Honolulu mara chache kwa mwaka. Angesubiri wiki sita. Mwishoni daktari akauliza, kama anayeuliza habari za mvua, kwao ni wapi.

"Humatak," Delfina akajibu.

Daktari akainua macho, kisha akayashusha haraka kwenye karatasi. Yale macho ndiyo yaliyommaliza Delfina.

Guam nzima inaijua litiko, na kijiji cha Humatak kinaijua kuliko vingine vyote. Mkono unalegea, mguu unafuata, sauti, kumeza, halafu pumzi. Zamani zile ilichukua watu nyumba hadi nyumba, na mpaka leo hakuna aliyesema kwa uhakika inatoka wapi. Wapo waliolaumu unga wa fadang, mbegu za mti wenye sumu, basi Delfina naye akawa anahesabu chapati za fadang alizolishwa na bibi yake utotoni. Baba yake, Tun Goyo (kwao baba mzee huitwa Tun, mama mzee Tan), alianza kwa kuangusha nyundo. Alizikwa Delfina akiwa na miaka kumi na saba.

Sidro hakuambiwa neno. Mama mzazi wa Delfina hakuambiwa. Na wazee wa kina Sidro walikuwa wamejipanga kwenda Humatak baada ya wiki mbili, na vyakula vyao, kumposa rasmi.

Siku hiyo ya bafuni ilikuwa ya mwisho ya rozari za kumwombea marehemu mjomba wa Sidro, ile ya mchana inayoishia kwenye meza ndefu ya chakula. Wazee walikuwa wamekaa kando ya ukuta. Kisiwani kwao hupiti mbele ya mzee hivihivi. Unaupokea mkono wake, unainama, unaugusisha puani, unasema "Ñora" akiwa mama na "Ñot" akiwa baba, naye anakuombea kwa Mungu. Hata mtoto anayejifunza kutembea analijua hilo. Ukimruka mzee mmoja tu, umemtukana mbele za watu.

Wa kwanza kwenye ule mstari alikuwa Tan Milagro, mama yake Sidro. Alimwona Delfina anakuja, uso ukachangamka, akanyoosha mkono.

Nyama ile iliruka. Delfina aliiona, na akaona jinsi kina shangazi watakavyoiona, mmoja amtazame mwenzake, mwenzake aseme kimoyomoyo: Humatak. Akanyakua sinia la wali mwekundu lililokuwa karibu, akalikumbatia kwa mikono miwili, akapita. Hakusema Ñora. Hakuinama. Aliendelea hadi jikoni, na mkono wa Tan Milagro ukabaki hewani mbele ya watu arobaini.

Sidro alimkuta nje, kwenye gari lake la kazi lililojaa mabomba ya viyoyozi.

"Mama kakunyooshea mkono, Fina."

"Nilikuwa na sinia."

"Sinia lilikuwa mezani. Umeliokota ili usimsalimie. Nimeona mwenyewe."

"Sasa unataka niseme nini?"

"Sema amekukosea nini. Shangazi wote wananiuliza, sina jibu. Huyu ndiye tunayekwenda kumposa, wanasema, na heshima yenyewe hii?"

Maneno ya kweli yalikuwa matano tu, naogopa nina ugonjwa wa baba, na hayo hakuyasema. Badala yake yakatoka mengine.

"Basi wasije. Tafuta mwenye heshima."

Sidro alikuwa mtu mpole, wa kuuliza mara moja na kusubiri.

"Kuna mtu mwingine?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Lakini alikuwa ameshaona filamu nzima kichwani, Sidro akimgeuza kitandani, Sidro akimfuta mate, Sidro akizeeka kabla ya miaka arobaini. Akaona huu ndio mlango wa kumtoa.

"Yupo," akasema.

Sidro akafungua mlango wa gari, akasimama kidogo kama aliyesahau anakwenda wapi, kisha akaingia na kuwasha.

Siku zile za kusubiri usimwombee hata adui yako. Delfina alihamia kwa mama yake Humatak, akisema duka limempa likizo. Kutwa nzima alikuwa anajipima. Asubuhi alikandamiza mizani ya jikoni kwa vidole, kuona mkono una nguvu kiasi gani, akaandika namba kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia ukutani. Kulia kumi na moja, kushoto kumi na tisa. Mchana tena. Jioni tena. Kati ya hapo alikuwa amelala ubavu, kiwiko kimekunjwa, simu usoni, anasoma habari za wagonjwa wa nchi za mbali waliokwishakufa.

Wiki ya sita ilipofika, kimbunga nacho kikafika. Ndege zikasimama, umeme ukakatika, na simu iliporudi hewani ilileta ujumbe wa zahanati: "Mtaalamu hakuweza kusafiri. Miadi yako imesogezwa wiki mbili mbele. Samahani kwa usumbufu."

Delfina aliusoma ule ujumbe akacheka peke yake, kicheko kibaya. Wiki mbili ni usumbufu, eti.

Chini yake kulikuwa na ujumbe wa Sidro, wa siku ya upepo: "Bati la kwenu limesimama? Mama yako mzima? Usijibu kama hutaki."

Hakujibu. Aliusoma labda mara thelathini.

Mama yake, Tan Felisa, alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Asubuhi moja, akikuna nazi, alinyoosha kidole kwenye kalenda.

"Hizi namba za nini? Unacheza bahati nasibu?"

Delfina akataka kudanganya. Akafungua mdomo, akaishia kulia. Akasema yote, tangu mfuko wa krimu hadi macho ya daktari, hadi mwanamume wa uongo aliyemzua pale kwenye gari. Alipomaliza, mama aliweka kifuu chini akajifuta mikono polepole.

"Huyo mwanamume mwingine, yupo?"

"Hayupo, mama."

"Sasa umemdanganyia nini mtoto wa watu?"

"Sitaki aishi ulivyoishi wewe."

Tan Felisa akamtazama mwanawe kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Niliishije mimi?"

"Mama, miaka sita. Kumlisha, kumwogesha..."

"Nakuuliza niliishije. Miaka sita nilimlisha baba yako kwa kijiko, na kila siku alisema nakosa mdomo makusudi ili nile mimi. Tulicheka humu ndani. Wewe ulikuwa shule, hukusikia." Akavuta pumzi. "Unajua daktari alipomwambia, alifanya nini? Alinifungia nguo kwenye gunia la mchele akanirudisha kwetu Inalahan. Eti ananihurumia. Nikakaa nusu siku. Jioni nikarudi, nikamkuta ameunguza sufuria yangu nzuri."

"Ulimkasirikia?"

"Mpaka leo. Ugonjwa sikumkasirikia hata siku moja, haukuwa wake. Lile gunia lilikuwa lake. Aliamua mambo yangu bila kuniuliza mimi."

Delfina akapangusa uso. Akasema, sawa, atamwambia Sidro, akishapata majibu. Yakiwa mazuri atakwenda mwenyewe.

"Na yakiwa mabaya?"

Delfina akainuka kuchota maji. Mama akachukua kifuu chake akaendelea kukuna.

Siku ya kipimo walikwenda wote wawili. Mtaalamu alikuwa mama wa makamo, mwenye usingizi wa safari ya ndege machoni na mikono ya moto. Alichoma sindano nyembamba mkononi, kwenye shavu la mguu, mgongoni, hata chini ya kidevu. Kila alipochoma alimwambia alegeze, na wote watatu wakasikiliza mashine. Mashine ilinyamaza. Alipomwambia akaze, ikanguruma. Alipofika kwenye kiwiko cha kulia akapima, akarudia, akaguna.

"Kazini unaegemeza kiwiko mezani?"

"Napamba keki. Ndiyo, kutwa."

"Na simu unaishikaje ukiwa umelala?"

Delfina akaonyesha, kiwiko kimekunjwa, mkono usoni.

"Saa ngapi kwa siku?"

"Siku hizi? Saba. Nane."

"Unasoma nini saa nane?"

"Nasoma kuhusu litiko."

Daktari akavua miwani. Akaeleza taratibu kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiwiko, ule unaokupiga shoti ukijigonga, nao umebanwa. Meza ya keki iliuanza na simu ikaumalizia. Ndiyo maana vidole vya mwisho vimelegea na nyama ile inaruka. Nyama za miguu zinazocheza ni za mtu asiyelala, anayekunywa kahawa na kuogopa. Litiko haikuonekana popote. Tan Felisa alicheka mpaka muuguzi akachungulia, halafu akageukia ukuta akalia.

"Lakini sikiliza," daktari akaongeza. "Hili ni jibu la leo. Kwa historia ya nyumbani kwenu, rudi mwezi wa sita tukuangalie tena."

Ya mwezi wa sita yalipita sikio hili yakatokea lile. Delfina alimpakia mama kwenye gari la binamu arudi Humatak, yeye akaenda moja kwa moja Barigada. Alimkuta Sidro juu ya ngazi, anafunga kiyoyozi kilichong'olewa na kimbunga. Akamwita. Akamweleza yote pale pale, anacheka, analia, anaonyesha kiwiko chake kana kwamba ni zawadi. Sidro alishuka, akasikiliza hadi mwisho, spana mkononi.

"Kwa hiyo huna ugonjwa."

"Sina."

"Namshukuru Mungu. Kweli kabisa, Fina." Na macho yake yalionyesha ni kweli. "Sasa niambie. Daktari angesema lile jingine, leo ungekuja?"

Delfina angeweza kusema ndiyo. Lakini uongo mmoja ulikuwa umeshamchosha.

"Nisingekuja."

"Basi umekuja kumchukua Sidro wa siku nzuri. Sidro wa siku mbaya ulishamfukuza, na ni mtu mmoja." Akapanda vipandio viwili, akasimama. "Mimi ningeumwa, ungetaka nikufanyie hivyo?"

"Hapana."

"Nenda nyumbani ukalale. Huna hata usingizi."

Delfina alirudi kazini amefungwa kitambaa kinene kwenye kiwiko ili kisikunjike. Mkono ukaanza kurudi kidogokidogo. Ungefikiri na woga uliondoka. Uliondoka siku tisa. Siku ya kumi, saa mbili asubuhi, amesimama mbele ya keki ya ubatizo, nyama ya shavu la mguu wa kushoto ikaanza tena. Huenda daktari alichoma mahali sipo. Huenda mashine ilikuwa imepigwa na maji ya kimbunga. Huenda walichanganya majina. Akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akatoa simu, vidole vikaanza kuandika dalili kwenye ile sehemu ya kutafutia, kama zamani.

Akasita, akafuta. Akafungua jina la Sidro.

"Mguu umeanza tena. Daktari alisema si kitu, najua. Bado naogopa. Sina majibu yoyote ya kukuletea leo. Nina woga tu."

Akatuma kabla hajajishauri. Alama mbili zikawa za buluu. Hakuna kitu. Dakika tano. Kumi. Delfina akajiambia ndiyo haki yake. Ishirini na tano, simu ikalia.

"Umekula?"

"Bado."

"Nakuja."

Alikuja na wali na kuku wa kelaguen, wa ndimu na nazi, kwenye kopo la plastiki, akaketi kwenye ngazi ya nyuma ya duka pembeni yake. Hakusema usiogope, wala hakusema si kitu. Aliuliza ni wapi, akaweka kiganja chake juu ya ile nyama ya mguu.

"Inacheza kweli," akasema baada ya muda.

"Umeisikia?"

"Nimeisikia. Inacheza cha-cha, na haijui mwendo."

Delfina akacheka wali ukiwa mdomoni, nusura apaliwe. Halafu machozi yakafuata, na Sidro hakuondoa mkono.

"Yule mwanamume mwingine hajambo?"

"Sidro, hakuwepo."

"Nilijua wiki ile ile. Kisiwa hiki mtu hanunui viatu bila binamu yangu kuniambia, wewe upate mwanamume mzima?"

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uniambie wewe. Nilisubiri hilo, si majibu ya daktari." Akamwangalia. "Ukiogopa, unaniambia siku hiyo hiyo. Hata kama ni saa nane kwa siku. Unaweza?"

"Nitajaribu."

"Kujaribu kunatosha. Mama yangu sasa, huyo ni kazi yako."

Jumapili, baada ya misa, Delfina aliingia nyumba ile ile ya Barigada. Kina shangazi walikuwepo wote, na walipomwona, vijiko vilinyamaza. Tan Milagro alikuwa kwenye kiti chake kando ya ukuta, mikono mapajani. Safari hii haikunyooshwa.

Delfina alikuwa hana sinia. Alikuwa amefungua hata kitambaa cha kiwiko. Akatembea hadi mbele yake, akainama, akatoa mkono wa kulia na kuuacha pale. Ulikuwa unatetemeka, kwa woga na kwa mshipa pamoja, na ile nyama iliruka mbele ya macho ya kila mtu.

"Mama, siku ile niliuficha huu. Nilidhani nina ugonjwa wa baba. Nikaogopa mtauona."

Chumba kizima kikautazama ule mkono. Tan Milagro naye akautazama, kwa muda mrefu.

"Ulidhani nilinyoosha mkono ili nikague wako?"

Delfina akaitikia kwa kichwa.

"Nilinyoosha nikubariki, mwanangu. Ukaniacha nimeshika upepo." Kisha akainua mkono wake uliozeeka, wenye makovu ya mafuta ya moto, akauweka ndani ya ule unaotetemeka.

"Ñora," Delfina akasema, pua juu ya vidole vyake.

"Mungu akusaidie."

Desturi ni kuachia hapo. Tan Milagro hakuachia. Aliushika ule mkono, akamwamuru Sidro alete kiti, akamketisha Delfina pembeni yake na kuendelea kuushika, huku anawauliza kina shangazi wanaangalia nini, chakula kinapoa.

"Daktari kasemaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

Delfina akamwambia yote, ya kiwiko, ya simu, na ya kurudi tena kuangaliwa.

"Unarudi lini?"

"Mwezi wa sita."

"Basi harusi ni mwezi wa tano."

Delfina akasema, kwa heshima, kwamba labda ingekuwa vizuri wangoje kwanza hayo majibu, wajue.

"Wajue nini?" Tan Milagro akamgeukia. "Mimi niliolewa sijui kama mume wangu anakoroma. Jumamosi tunakuja Humatak. Mwambie mama yako asipike, chakula tunabeba sisi."

Na bado hakuuachia mkono, mpaka ulipotulia.